Mshono Chini ya Zulia

Kwa miaka ishirini na mitatu mtu huyu alikuwa na kazi moja: kufunga plasta kwenye mifupa iliyovunjika. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ujia wa hospitali, ukishapita eksirei. Kilikuwa na sinki moja, kitanda kirefu chenye mpira mweusi, na ndoo ambayo ikifika saa tatu asubuhi maji yake yalikuwa yameshakuwa meupe pe. Hakuwa daktari, hakuwa nesi. Madaktari waliandika, yeye akafunga. Wagonjwa walimwita daktari naye hakuwasahihisha, maana kueleza kungechukua muda mrefu kuliko plasta yenyewe. Wenzake walimwita Bwana Plasta.

Kwa ndugu zake aliitwa Usingizi.

Jina hilo alibandikwa na kaka yake mkubwa, na lilikuwa na chanzo chake. Miaka tisa nyuma Bwana Plasta na mkewe walikuwa wanarudi kutoka kumzika baba mkwe. Mchana kweupe, barabara kavu, wakafika kwenye kona ambayo hata mtoto wa baiskeli angeikata bila kugusa breki. Gari likaacha lami upande wa kushoto, likashuka mtaroni, likagonga kalvati la zege. Yeye aligonga kichwa akazimia. Mkewe, aliyekuwa kiti cha mbele kando yake, alivunjika paja na goti la kushoto.

Alipozinduka wodini kichwa kikivuma kama mashine ya kusaga, askari wa barabarani alikuwa amemwinamia na daftari mkononi.

"Mzee, ulisinzia?"

Hakukumbuka kitu. Alikumbuka tu kwamba kabla ya safari alikuwa ametoka zamu mbili mfululizo.

"Labda," akasema.

Askari akaandika kwamba dereva alisinzia, akafunga daftari. Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Mwaka baada ya mwaka Bwana Plasta aliisimulia ajali hivyo, hadi akawa anakumbuka kabisa jinsi kope zilivyokuwa nzito.

Plasta ya mkewe aliifunga mwenyewe. Mwenzake wa zamu alimwambia, "Pumzika ndugu yangu, hii niachie mimi," akakataa. Alisimama na bendeji kichwani, akalowesha, akazungusha, akalainisha kwa kiganja kuanzia kwenye nyonga hadi kifundo cha mguu, na muda wote huo mkewe alikuwa amegeuzia uso ukutani. Ilipokatwa baada ya wiki kumi na mbili, goti liligoma kukunja. Daktari wa mifupa alisema lilishasagika siku ya ajali, angefunga yeyote lingegoma tu. Bwana Plasta alisikia lakini hayakumwingia. Aliona amelivunja goti lile mara mbili.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Alijifunza upya kukanyaga kwa mguu mmoja, ule mwingine umenyooshwa pembeni juu ya kigoda kama mgeni aliyekuja kukaa. Kutoka nyumbani hadi kwenye fremu ya duka alimoshonea ilikuwa kilomita sita, na ngazi za basi hakuziweza. Kwa hiyo gari lililomvunja mguu ndilo lililobidi liwe mguu wake.

Lilikuwa gari lao la kwanza na la pekee. Bwana Plasta alilinunua kwa kaka yake huyo huyo, miaka miwili kabla ya ajali. Na baada ya ajali kaka mtu ndiye aliyehangaika nalo. "Wewe muuguze mke wako, gari niachie mimi," alisema, akalivuta hadi kwenye gereji ya rafiki yake. Likakaa huko wiki sita, likarudi linang'aa. Bwana Plasta alimshukuru hadi machozi yakamlenga. Kwa ukarimu huo alivumilia utani wote. Wakikutana kwenye shughuli ya ukoo, kaka alikuwa anapaza sauti, "Mpeni Usingizi kahawa kabla hajashika usukani!" Watu wakacheka, na yeye akacheka pia. Mkewe hakucheka, lakini watu walishazoea kwamba mwanamke yule hacheki.

Asubuhi zote za miaka tisa walisafiri hivi: yeye mbele peke yake, mkewe kiti cha nyuma, mguu ameulaza juu ya kiti, majora ya vitambaa yamemzunguka. Hakukaa mbele tena hata mara moja. Bwana Plasta alijua ni kwa sababu ya mguu.

Sasa gari lilikuwa limechoka. Kioo cha dereva kilishikwa na kabari ya mti. Mlango wa nyuma ulifunguka kwa ndani tu. Sauti ya injini ilikuwa ya mtu mwenye pumu. Lakini kubwa kuliko yote, lilikuwa linakula tairi la mbele kushoto. Unafunga tairi jipya, miezi minne limenyolewa upande mmoja kama kichwa cha mtoto aliyekimbia kinyozi. Walikaa, mume na mke, wakakubaliana waliuze kabla halijafia mikononi mwao, waongezee akiba, watafute dogo lililo zima kidogo. Mnunuzi hakuwa mbali. Nesi wa wodi ya watoto alikuwa ametoka kupata leseni, na kila alipoliona kivulini hospitalini alilipapasa boneti kama anapapasa ng'ombe wa mahari.

"Bwana Plasta, hilo usimpe mtu. Ni langu."

"Ni lako, dada. Ngoja kwanza nijue kwa nini linakula tairi, nisikuuzie ugonjwa."

Ndipo akalipeleka kwa Mzee Spana.

Mzee Spana alikuwa fundi wa gereji ya uani, mwembamba, mwenye tabia ya kuongea na gari kwanza kabla ya mwenye gari. Akalinyanyua kwa jeki mbili, akaingia chini na tochi. Kisha sauti ikatoka huko.

"Hili ulilinunua wapi?"

"Kwa kaka yangu. Alilitumia mwaka na nusu."

"Ingia huku."

Bwana Plasta akalala chali juu ya boksi, akajisukuma chini ya gari lake kwa mara ya kwanza tangu alinunue. Fundi alikuwa anakwangua lami nyeusi iliyopakwa chini ya sakafu. Ilipobanduka, ukatokea mstari mnene wa kuchomelea, umevuka gari kutoka mlango hadi mlango.

"Hapa linaishia gari la kwanza," Mzee Spana akasema, akisogeza tochi. "Na hapa linaanza la pili."

"Acha utani, Mzee."

"Nikutanie nikiwa nimelala chini ya chuma? Mbele ni la mtu mmoja, nyuma ni la mtu mwingine. Yote mawili yalipata ajali. Wakachukua nusu nzima ya hili na nusu nzima ya lile, wakaunga, wakafunika kwa lami huku chini na zulia kule juu. Umekuwa unaendesha magari mawili, baba."

Kisha akamulika mbele, upande wa kushoto, kwenye chuma kinene kinachobeba gurudumu. Juu ya chuma hicho kilikuwa kimechomelewa kibandiko cha bati nene, ukubwa wa kiganja. Mzee Spana akaking'oa ukingo kwa patasi. Chini yake kulikuwa na ufa.

Bwana Plasta hakuhitaji kuelezwa. Nyufa ndizo alizozisoma maisha yake yote, kwenye karatasi nyeusi za eksirei. Alijua ufa wa jana unavyokuwa, kingo zake kali na safi, na alijua ufa ambao mtu ametembea nao. Huu ulikuwa na kutu ndani hadi kwenye kina chake. Ulikuwepo kabla ya kibandiko.

"Aliyebandika hapa aliuona," Mzee Spana akasema.

"Nilipata ajali, miaka tisa sasa. Labda ndiyo iliyopasua."

"Labda. Na labda huu ndio uliokupa ajali. Mimi sikuwepo." Akazima tochi. "Ila nikwambie kitu kimoja. Chuma hiki kikiachia, usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi, kama umeshika sahani. Gari halikuulizi unakwenda wapi. Linalifuata gurudumu."

Walitoka chini. Bwana Plasta akakaa kwenye tairi bovu, mchanga mgongoni, akauliza kinachowezekana.

"Kutengeneza sawasawa? Sahau. Huwezi kuunga kilichoungwa. La kweli ni kulikata, wachukue wa vyuma chakavu, wanapima kwa kilo." Fundi akajifuta mikono, akaangalia pembeni. "Au nibandike kingine juu ya hiki, nipake lami, lipendeze. Anayekuja kununua hatalala chini kuangalia. Watu wanapiga mateke tairi, wanapiga honi, wanalipa."

Bwana Plasta aliwaza mguu wa mkewe na ngazi za basi. Aliwaza fremu ikiwa imefungwa mwezi wa kufungua shule, wazazi wamesimama nje na watoto wasio na sare. Bila pesa za gari hili hakukuwa na jingine.

"Bandika," akasema.

Lilimtoka kirahisi hivyo. Alirudi nyumbani kwa miguu, akamwambia mkewe gari litakaa kwa fundi siku tatu, na ile nyingine yote akaimeza.

Siku ya pili, katikati ya kumfunga mpaka rangi aliyeanguka kwenye jukwaa, mlango ulifunguliwa na yule nesi akaingiza kichwa. Mkononi alikuwa na kifuko cha nailoni, ndani yake kava jipya la usukani, la manyoya mekundu.

"Nimelikuta njiani nikashindwa kulipita," akasema, uso umemchanua. "Wanangu wameshagombana nani atakaa dirisha la kushoto. Nimewaambia watapokezana."

"Jumamosi," Bwana Plasta akasema. Mikono yake ilikuwa ndani ya ndoo. Hakuitoa hadi mlango ulipofungwa, na mpaka rangi akamwuliza, "Daktari, kuna shida?"

Jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, alikwenda kwa kaka yake. Hakwenda kugombana. Njia nzima alikuwa anaomba asikie neno moja tu: sikujua.

Kaka alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, mabati yamesimamishwa nje, misumari kwenye madebe. Alikuwa ameketi nyuma ya mzani, miwani kwenye paji la uso.

"Aa, Usingizi! Umeamka leo?"

"Kaka, lile gari ni magari mawili."

Kaka alishusha miwani machoni. Hakuuliza gari gani. Bwana Plasta alikuja kusema baadaye kwamba hapo hapo alishapata jibu, na mengine yote aliyasikia kama mtu anayesomewa barua aliyokwisha kuisoma.

"Nani kakwambia?"

"Fundi kanionyesha. Ulijua?"

"Sikujua nilipolinunua. Nami nilipigwa, mdogo wangu, nilipigwa kama wewe. Nilikuja kujua mwaka umepita, fundi alipobandua zulia kutafuta nyaya."

"Ndipo ukaniuzia mimi."

"Nimwuzie nani sasa?" Kaka alifungua mikono, na alionekana kweli anataka aeleweke. "Mtu baki angenipeleka polisi. Ningefungwa. Wewe ni damu yangu. Nilijua hata ukija kugundua, utanielewa. Tena nilikupunguzia, kumbuka."

"Na baada ya ajali?"

Mteja aliingia akataka nusu kilo ya misumari ya inchi tatu. Kaka akapima, akafunga kwenye gazeti, akarudisha chenji bila kukosea. Mteja alipotoka, akasema kwa sauti ya chini:

"Yule rafiki yangu wa gereji alisema kile chuma kiliachia. Lakini mafundi wanasema mengi. Na wewe ulikuwa umeshasema mwenyewe ulisinzia. Mimi nikuweke maneno mdomoni? Ningesema, mguu wa shemeji ungepona?"

"Umeniita Usingizi miaka tisa."

"Utani huo, bwana. Watu walicheka, yakapita. Ulitaka wakuite muuaji?"

Bwana Plasta alimtazama kaka yake, mtu aliyemfundisha kufunga kamba za viatu na kumlipia chuo cha hospitali. Alitafuta hasira akaikosa. Alichokipata kilikuwa kibaya zaidi. Alikuwa anasikia maneno ambayo yeye mwenyewe angeyasema siku nesi akija kumwuliza, na aliona hata kwamba angeyapanga kwa mpangilio huo huo. Akaondoka bila kuaga.

Alipitia kwa Mzee Spana. Kibandiko kipya kilikuwa kimeshakatwa, kimewekwa juu ya benchi, bado hakijachomelewa.

"Acha," akasema. "Usiguse."

Mzee Spana hakuuliza. Alikichukua kile kibati akakitupa kwenye pipa, na ilionekana kama naye ametuliwa mzigo.

Kwa mkewe alikwenda kesho yake mchana, kwenye fremu, alikokuwa amepelekwa na jirani kwa hisani ya siku hizo tatu. Alimkuta peke yake, anachomoa nyuzi za bandi, zile za kushikizia kwa muda, kwenye sketi za bluu, lundo moja kulia, lundo jingine kushoto. Bwana Plasta akaegesha mlango, akavuta stuli, akamweleza yote tangu mwanzo: mshono chini ya zulia, ufa, kibandiko, maneno ya kaka. Hata lile neno lake la "bandika" hakulificha. Mkewe hakumkatiza. Vidole viliendelea kuchomoa uzi, sketi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne vikasimama.

"Kwa hiyo hukuukata wewe," akasema.

"Kukata nini?"

"Usukani."

Bwana Plasta hakumwelewa. "Si nilisinzia, mama. Ndivyo tulivyodhani wote. Sasa nakwambia hata hilo la kusinzia huenda..."

"Hukusinzia." Alisema bila kupandisha sauti. "Hilo nimelijua siku zote. Ulikuwa macho, unanigombeza. Tulikuwa tunagombana tangu tulipotoka msibani. Nilitaka nibaki na mama hata siku tatu, wewe ukakataa, kisa zamu. Nikakwambia umenidhalilisha mbele ya ndugu zangu, sitakusamehe. Hukumbuki?"

"Sikumbuki hata neno moja."

"Ulipiga usukani kwa ngumi. Ukasema, 'Basi bora tufe wote tupumzike.' Kisha gari likaenda."

Nje mtu alikuwa anaita bei ya ndoo za plastiki. 

"Nilipoamka wakaniambia mumeo kasema alisinzia," mkewe akaendelea. "Nikasema moyoni, kumbe anajificha. Nikawaza, nikisema nilichosikia utafungwa, na binti yetu alikuwa hajamaliza hata darasa la tano. Nami mguu ndio huu. Ningekwenda wapi na mguu huu? Nikasema haya, alisinzia. Kila aliyeuliza nikamwambia alisinzia."

"Miaka tisa ulijua nilitaka kukuua."

"Sikujua. Nilikuwa sijui, ndiyo tabu yenyewe. Siku nyingine nakuangalia unanikanda mguu kwa maji ya moto, nasema hapana, huyu hawezi. Siku nyingine unanyamaza mezani, naona ile ngumi. Unafikiri nilikaa nyuma kwa sababu ya goti? Goti lingekaa tu mbele, kiti kinasogezwa. Nilikaa mahali ninapoona mikono yako."

Alimshika mkono mkewe, naye hakuutoa, lakini ulikuwa mkono tu, umewekwa.

"Fundi ana hakika?" mkewe akauliza. "Kwamba ni chuma?"

Hapo Bwana Plasta angeweza kusema ndiyo. Alikuja kusimulia miaka baadaye kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kutamani kusema uongo kama dakika ile.

"Hana. Anasema labda. Yule rafiki wa kaka mwenye gereji alisema kiliachia. Mimi mwenyewe sikumbuki."

Mkewe alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepimiwa kitambaa akaambiwa hakitoshi.

"Na yale maneno?"

"Kama ulisikia, basi nilisema."

"Nilisikia."

Akachukua sketi ya tano. Baada ya muda akasema, "Gari likate. Yule dada usimwuzie."

"Na wewe utakwenda vipi kazini?"

"Nitajua."

Jumamosi hiyo walikuja watu wawili wenye mtungi wa gesi na miwani ya giza, wakalikata gari uani kwa Mzee Spana. Bwana Plasta alisimama kuanzia kipande cha kwanza. Walipofika kwenye mshono, mmoja wao alicheka akamwita mwenzake aone. Walipofika kwenye chuma cha kushoto aliwaomba wampe, akakigeuza, akakiangalia kwa mwanga wa jua upande huu na ule kama anavyoshika picha ya eksirei. Hakikumwambia lolote zaidi. Akakirudisha kwenye mzani pamoja na vingine.

Nesi alikasirika. Bwana Plasta alimwambia gari lilikuwa na kasoro kubwa amelikata, naye hakuamini. Nani anakata gari linalotembea? Alieneza kwamba amempa mtu aliyeongeza dau, akamsema vibaya jikoni mwa hospitali, na hata leo wakipishana ujiani anaangalia saa. Angeweza kumweleza kuhusu watoto wake na lile dirisha la kushoto. Hakueleza. Alihisi kueleza kungekuwa ni kuomba sifa ambayo siku mbili nzima hakuistahili.

Kaka alituma salamu kupitia kwa watu, kisha akaacha. Kwenye harusi ya mpwa wao aliketi meza ya mbali, na jina la utani halikutajwa, jambo ambalo wengine walilishangaa bila kujua sababu.

Mkewe alijaribu bajaji. Mguu ulitokeza nje, na dereva wa tatu aliugonga kwenye nguzo ya duka. Akapumzika wiki mbili. Aliporudi, shule mbili kubwa zilikuwa zimeshapeleka kazi kwa mshonaji mwingine. Ilipofika nusu ya muhula wa pili akafunga fremu, cherehani ikaletwa nyumbani ikawekwa sebuleni chini ya dirisha. Sasa anapandisha pindo za majirani na kubadilisha zipu. Akiba ile waliyotaka kuongezea gari iliishia kwenye kula, kidogo kidogo, bila siku ambayo ungeweza kusema leo imekwisha.

Watu wawili hawa hawakuachana. Binti yao, ambaye sasa alikuwa na kwake, aliposikia alitaka mama yake aende akae kwake, naye akaenda, akakaa miezi miwili, kisha siku moja akapiga simu kusema anarudi, aje mtu ampokee begi. Bwana Plasta alimpokea stendi. Walitembea polepole sana hadi nyumbani, wakisimama kila baada ya hatua hamsini.

Kwenye mojawapo ya vituo hivyo akamwuliza alichokuwa hajathubutu kumwuliza.

"Bado unaniogopa?"

Mkewe alifikiri kwa uaminifu. Aliegemea ukuta wa mtu, akabadilisha fimbo mkono.

"Ukiwa unaongea, hapana. Ukinyamaza, ndiyo."

Na Bwana Plasta alikuwa mtu wa kunyamaza tangu azaliwe. Lakini ukipita pale kwao jioni utamsikia. Anaanza kuongea mlangoni kabla hajavua viatu: leo kaja mwalimu kavunjika kiwiko, leo plasta imeletwa mbovu haikauki, leo daktari mpya kaandika mguu wa kulia wakati uliovunjika ni wa kushoto. Anaongea akiosha mikono, anaongea akila, anaongea mpaka sauti inamkauka. Mkewe anashona, anaitikia kidogo kidogo. Kuna siku anasimamisha cherehani na kumwambia, "Basi, baba. Leo inatosha, pumzika." Siku nyingine hasemi hivyo, na yeye anaendelea.